Fimbo, mgeni, mwenyeji

Mgonjwa wa kwanza kuniangukia alianguka huku nimemshika mkono. Nilikuwa na miezi saba tu kazini, kwenye hospitali moja huku Nyanda za Juu Kusini. Yeye alikuwa dereva wa malori ya njia ya Tunduma, mtu wa miraba minne, kiharusi kimempiga upande wa kushoto. Alinipa mkono wa kulia, ule mzima, akaubana wangu kama aliyekabidhiwa usukani, nami nikaona raha: mgonjwa ana nguvu, ananiamini, twende. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kizingiti cha mlango wa wodi vidole vya mguu wa kushoto vikakwama. Mwili ukaenda kushoto, na kushoto hapakuwa na mtu. Mimi nilikuwa kulia, nimeng'ang'ania mkono ambao haukuwa na shida yoyote.

Alivunjika mfupa wa paja, pale juu karibu na nyonga, upande uleule uliopooza. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi kwa watu wa kiharusi: huangukia upande dhaifu, na mifupa ya upande usiobeba uzito huwa imeshaanza kulegea. Mkuu wangu wa kazi hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu, "Ulisimama wapi?" Imepita miaka kumi na moja, na hadi leo nikiingia nyumba yenye mtu aliyepooza, kabla sijamtazama mgonjwa namtazama anayemshika, amesimama wapi.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Mtaani wananiita dokta wa mazoezi na nimeshachoka kukanusha. Mchana niko kazini, jioni na Jumamosi napita majumbani. Jiji la Mbeya limekaa mteremkoni, na wagonjwa wangu wengi wako kule juu, Itiji, Isanga, Iganzo, ambako bajaji ikipandisha hulia mpaka abiria mwenye huruma anashuka mwenyewe. Mvua zikishika, njia zote ni utelezi. Zikikatika inaingia baridi ya mwezi wa sita na wa saba, na baridi kwa aliyepooza ina ugomvi wake: huukaza mkono na mguu mpaka goti halitaki kukunja. Sisi wenye miguu miwili mizima Mbeya inatufundisha kutembea kwa adabu. Sasa mpe mji huohuo mtu mwenye mguu mmoja na nusu.

Mwaka jana, mvua zikiwa zinaaga, niliitwa kwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Tukuyu aliyejenga Itiji zamani. Alilala vizuri, akaamka upande wa kulia haumtii. Nilipofungua geti alikuwa na wiki moja tangu atoke wodini, na nilikuta familia nzima iko kazini. Vijana wawili wamemkwida kwapani, mmoja kila upande, wamemning'iniza kama mlevi anayetolewa kilabuni, miguu yake inachora mistari kwenye udongo wa uani. Bibi yuko mbele, anarudi kinyumenyume, ameshika kiganja cha mkono wa kulia anauvuta. "Jitahidi, baba. Jitahidi, unaweza." Pale uani palikuwa na upendo kuliko nyumba nyingi ninazoingia. Na kila aliyemshika alikuwa anamuumiza.

Tukamkalisha. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizwa nyumbani ni wapi nikasema Iringa, nikaomba kulishika bega la kulia. Bega si kiungo chenye shimo la kutosha. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegeshwa tu, kama mpira juu ya kisahani cha chai, na kinachokizuia kisiporomoke ni misuli. Misuli ikipooza, uzito wa mkono wenyewe unatosha kukivuta chini, sembuse mtu mzima anayekuvuta kwa nia njema mara nne kwa siku. Nikapapasa chini tu ya ncha ya mfupa wa juu, na kidole changu cha shahada kikazama kwenye kibonde. Nikachukua kidole cha bibi nikakiweka palepale. Kisha nikakipeleka bega la kushoto, ambako hakuna bonde. Hakusema kitu. Alikifuta kile kidole kwenye kitenge chake, polepole, kama aliyegusa masizi.

"Mimi ndiye nimemtegua?" akauliza baadaye, tulipokuwa jikoni.

Nikamwambia kilichomlegeza ni kiharusi, kuvuta kumeongeza. Ndiyo kweli, na sikuwa na namna laini zaidi ya kuisema. Nikamwomba kile kitenge.

Kitenge ukikikunja kwa urefu mara tatu, nne, mpaka kibaki upana wa kiganja, ukamfunga mtu kiunoni juu ya shati kwa mafundo mawili ya kubana, umepata mkanda wa kutembezea ambao kwenye maduka ya vifaa vya hospitali ungeulizwa bei ukaondoka. Mimi nimetumia vitenge, mbeleko, mkanda wa suruali, na siku moja kule Chimala kamba pana ya kufungia mizigo. Unasimama upande dhaifu, nusu hatua nyuma ya mgonjwa. Mkono wako mmoja unashika mkanda mgongoni pake, kiganja kikitazama juu, vidole vimeingia kutokea chini, maana ukishika kwa juu akienda chini utaponyokwa. Mkono wa pili uko mbele karibu na kifua au bega, haumshiki, unangoja. Halafu humwinui. Hapa ndipo ndugu wengi hushindwa. Mkanda si winchi. Mgonjwa akibebwa uzito wote, mguu haupati habari kwamba kuna kazi, na mguu usiopata habari haujifunzi. Unamwacha ajibebe, wewe unakaa pale kama mtu wa akiba, na akiyumba kuelekea kwako anakukuta.

Wale vijana wawili niliwapa kazi nyingine siku ileile. Mmoja nilimtuma matofali. Kitanda cha mwalimu kilikuwa kifupi, magoti yanapanda juu kuliko nyonga, na kuinuka kwenye kitanda cha hivyo ni kazi hata kwangu. Matofali manne ya kuchoma, moja chini ya kila mguu wa kitanda, yakamaliza maneno.

Kuinuka nako kuna utaratibu wake, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu kutembea kubaya huanzia kwenye kuinuka kubaya. Kwanza akae ukingoni dakika moja, mbili, miguu iko chini, muulize kama kichwa kinazunguka. Mtu aliyelala siku nyingi, tena anayemeza vidonge vya presha, damu humshuka akisimama ghafla, na hapo atazimia hata ungekuwa umemshika na watu sita. Kisha asogee mbele, makalio yakaribie ukingo. Miguu yote miwili irudi nyuma kidogo ya magoti. Mgonjwa karibu kila mara huuacha mguu dhaifu umetangulia mbele, kama anauficha kazi, akainukia ule mzima peke yake. Urudishe. Halafu ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, na hapo makalio yataanza kuwa mepesi yenyewe. Watu hudhani kuinuka ni kwenda juu. Kuinuka ni kwenda mbele kwanza. Kama goti dhaifu lina tabia ya kukatika, weka goti lako mbele ya lile lake ulizuie, na ukishaona amesimama usikimbilie kutembea. Asimame. Apumue. Aangalie mlima Loleza kama unaonekana kutoka hapo.

Niliyaeleza haya yote kwa mwalimu siku ya kwanza, kwa Kiswahili kizuri, na mwalimu hakufanya hata moja. Kosa lilikuwa langu. Upande wa kulia wa mwili unaendeshwa na upande wa kushoto wa ubongo, na kwa watu wengi maneno pia yanakaa huko kushoto. Kwa hiyo aliyepooza kulia mara nyingi amepotewa na maneno pia: ya kusema, na wakati mwingine ya kuelewa. Mwalimu alikionyesha kikombe akasema "chaki". Akajua amekosea, akajaribu tena, ikatoka "chaki". Mtu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini. Bibi aligeuka akaanza kupanga vyombo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Na mimi nilikuwa namwambia sentensi ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi.

Ziara ya tatu ndiyo iliyotuokoa. Alikuwa amesimama, fimbo mkono wa kushoto, mimi nimemshika kitenge, namhimiza auamini mguu wa kulia, auwekee uzito japo kidogo. Alikuwa anauogopa, anaugusisha chini kwa heshima na kuuondoa haraka. Ghafla akacheka, akasema bila kukwama hata herufi moja: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe."

Tukatazamana sote. Haikuwa miujiza, nimeiona kwa wagonjwa wengine: mtu ambaye hawezi kuomba maji anaweza kusali Baba Yetu yote, kuhesabu mpaka ishirini, au kuimba ubeti wa wimbo wa kanisani, kwa sababu maneno yaliyozoeleka sana yana njia yao nyingine. Lakini kuijua sababu hakukunizuia kutokwa machozi. Na mjukuu wake wa kidato cha pili, aliyekuwa ameegemea mlango na simu mkononi, akauliza, "Kwa hiyo babu, huo mguu ndiyo mgeni?"

Babu akatikisa kichwa kukubali. Mguu wa kulia ukawa mgeni, wa kushoto ukawa mwenyeji, na maelezo yangu yote ya nusu saa yakabaki maneno matatu: fimbo, mgeni, mwenyeji.

Ndivyo mtu wa upande mmoja anavyotembea kwa fimbo. Inatangulia fimbo, unafuata mguu dhaifu, unamalizia mguu mzima. Fimbo inakaa mkono mzima, narudia, mkono mzima, kwa sababu nyumba nyingi nakuta wamempa ya upande uliopooza "ili mkono nao upate mazoezi", au ili imsaidie mguu kwa karibu. Haisaidii. Mguu dhaifu unapobeba mwili, fimbo ya upande wa pili inapanua pale anaposimamia na kupunguza mzigo nyongani. Mjukuu alishika kazi ya kuita. "Fimbo." Kimya. "Mgeni." Kimya kirefu, mgeni anajivuta. "Mwenyeji." Hakuna aliyeruhusiwa kuita neno linalofuata kabla la kwanza halijakamilika, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha babu katikati ya hatua. Hilo la pili ndilo lililokuwa gumu kwa majirani.

Kwenye ngazi ule utani ukafanya kazi kuliko nilivyotegemea. Nyumba ina ngazi tatu za sementi kushuka uani. Kupanda, mguu mzima hutangulia. Kushuka, hutangulia mguu dhaifu pamoja na fimbo, ule mzima unabaki juu kuuteremsha mwili. Ndugu huchanganya, hata wanafunzi wetu huchanganya. Mjukuu hakuchanganya: kuingia ndani mwenyeji anatangulia kufungua mlango, kutoka mgeni anatangulia na mwenyeji anamsindikiza. Nimeiba maneno hayo na sasa nayatumia kwa wagonjwa wote. Anayemshika, kwenye kushuka, asimame ngazi moja chini, upande dhaifu. Kwenye kupanda abaki nyuma, chini yake. Daima uwe kule anakoweza kwenda.

Fimbo yenyewe ilileta mgogoro. Mwalimu alikuwa na bakora nzuri nyeusi aliyopewa na wanafunzi siku ya kustaafu, ndefu mpaka inamfika mbavuni. Fimbo ndefu humsukuma bega juu na mwili ukalalia pembeni. Kipimo ni hiki: asimame wima na viatu vyake vya kutembelea, mikono ining'inie, na kichwa cha fimbo kifike pale kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Akiishika, kiwiko kinabaki kimepinda kidogo. Nikasema tuikate ile bakora. Mwalimu, ambaye kwa wiki tatu alikuwa hajafanikiwa kulitamka neno hapana, akalitamka. Basi tukamwendea seremala pale Mwanjelwa akachonga nyingine, na chini tukaivisha kipande cha raba maana mti mtupu kwenye sementi iliyolowa ni sawa na kutembelea sabuni.

Mtoto wao aliye Dar es Salaam alikuwa anapiga simu kila Jumapili. "Dokta, baba ameanza kutembea?" Wiki ya kwanza swali hilo, ya pili swali hilo. Ya tatu akauliza bei ya mashine ya kutembelea, ile ya mkanda unaozunguka, anataka kuituma kwa basi. Ni kijana mwema, na umbali huumiza kwa namna yake, mtu akikosa kushika anataka kununua. Nikamweleza utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, watu 408 wa kiharusi: wengine walifundishwa juu ya mashine kama hiyo huku wamening'inizwa kwa mikanda, wengine walifuatwa nyumbani na mtaalamu kwa mazoezi ya nguvu na ya kujisimamisha. Baada ya mwaka, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepiga hatua ya maana katika kutembea, na wa mashine hawakuwazidi wa nyumbani. "Pesa hiyo," nikamwambia, "jengea choo."

Kuhusu haraka pia kuna jambo la kusema, kwa sababu wapo wanaotaka mgonjwa atembezwe siku ileile ya kiharusi asije "akazoea kulala". Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya utafiti ulioongozwa na Julie Bernhardt wa Australia, wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi 5. Kundi moja walitolewa kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, tena mara nyingi kwa siku. La pili walipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi mitatu, waliokuwa na hali nzuri katika kundi la haraka ni asilimia 46, na katika kundi la kawaida 50. Haina maana mtu aachwe alale, la hasha. Kulala nako kunaua, damu huganda miguuni na mapafu hujaa. Maana yake siku za mwanzo ni vipindi vifupi, na anayeamua ni waliompima. Mimi huwaambia ndugu: miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mavuno mengi, lakini hakuna aliyevuna siku ya kupanda.

Sasa choo. Hapa ndipo ningependa serikali, makanisa, misikiti na wanaofungisha harusi wote wasikilize. Wagonjwa wangu hawaangukii kwenye mazoezi. Wanaangukia njia ya chooni, usiku. Choo cha mwalimu kiko nje, hatua ishirini na mbili za mtu mzima, mteremko, mwishoni tuta la sementi la kupandia, na ndani ni cha kuchuchumaa. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kuchuchumaa akainuka salama, na aibu haimruhusu kusema. Anapunguza kunywa maji. Anangoja watu walale. Tulichukua kiti cha plastiki, fundi akakitoboa katikati na kukifunga miguu isihame. Kando ya njia tukachimbia nguzo za milingoti na kuzipigilia mti wa kushika, upande wa kushoto wakati wa kurudi, maana kupanda ndiko kuliko kugumu kwake. Kwenda akawa anatumia fimbo na mtu. Ndoo ya usiku chumbani aliikataa kabisa. Mwalimu ni mwalimu.

Mwezi wa saba akaanguka. Saa tisa usiku, baridi kali, hakutaka kumwamsha mtu. Alikuwa amevaa soksi ndani ya ndala, kama tunavyovaa sisi sote huku baridi ikiingia, na sitaki kuwa mnafiki, nami nimevaa hivyo ninapoandika. Kwa mtu wa kiharusi ni mtego mara mbili. Ndala haina kisigino cha kushika, na mguu uliopooza mara nyingi hauwezi kuinua vidole, vinalala chini. Ndala inabaki nyuma, vidole vinajikwaa kwenye chochote, ukingo wa mkeka, kizingiti, hata sakafu tambarare. Ndiyo maana utawaona wakiuzungusha mguu kwa nje, kama mtu anayefyeka majani kwa mundu: wanatafuta namna ya kuvipitisha vidole. Tiba yake ni kiatu kilichofungwa nyuma, na kama vidole vinazidi kuning'inia, kile kifaa cha plastiki kinachoingia ndani ya kiatu na kushikilia kifundo, kinachotengenezwa kwa kipimo na mafundi wa viungo saidizi, wale wanaosomea chuo chao cha TATCOT kule Moshi. Tulipokuwa tunakingoja nilimfungia mwalimu utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli kutoka kwenye kamba za kiatu mpaka kwenye mkanda chini ya goti. Hauwi mzuri kwa macho. Kila jioni bibi alikuwa na amri ya kuvua na kukagua ngozi, kwa sababu upande huo hausikii vizuri, na kidonda kinaweza kukua bila mwenyewe kuhisi.

Bibi alinisimulia ile anguko asubuhi, na jinsi alivyosimulia ndivyo nilivyojua nimeshamaliza kazi pale. Hakumvuta. Alisema mikono ilikuwa inamwenda yenyewe kuelekea kwenye ule mkono wa kulia, akaishika kwa nguvu asiuguse. Akamwekea mto kichwani, akamfunika blanketi palepale sakafuni. Akamuuliza wapi panauma, akautazama mguu kama umepinda au umefupika, akamwambia aseme jina la mjukuu ili asikie kama maneno yamepotea zaidi ya jana, kwa sababu nilimwambia udhaifu mpya au maneno kupotea ghafla ni gari, ni hospitali, si kitanda. Jina likatoka. Ndipo akamwita mjukuu mwenyewe. Wakaleta kiti imara wakakiweka upande wa kushoto. Babu akajigeuza ubavu wa kushoto, akajisukuma kwa kiwiko, akakaa, akapiga goti la kulia akiegemea kiti, mguu wa kushoto ukakanyaga, na wao wakashika kitenge tu.

"Ilichukua muda gani?" nikauliza.

"Chai ilichemka ikapoa," akasema.

Alikuwa na mchubuko kiwikoni, basi.

Mara ya mwisho kwenda kule kama mtaalamu ilikuwa siku ya msiba. Rafiki yake wa miaka mingi, nyumba ya nne kushuka, alikuwa amefariki, na mwalimu alisema ataenda kwa miguu. Bibi alitaka bajaji. Mimi nilitaka bajaji. Kuingia kwenye bajaji kwenyewe angekuwa anakaa kwanza, makalio ndani, kisha miguu inafuata, tulishafanya mara kumi. Akasema tena lile neno lake jipya, hapana.

Mjukuu alikuwa kulia, nusu hatua nyuma, kitenge mkononi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa sina kazi. Kulikuwa kumenyesha usiku, wakawa wanapita kwenye majani ya kando, si kwenye njia iliyokanyagwa. Fimbo. Mgeni. Mwenyeji. Tulipokaribia turubai wazee wakaanza kuinuka, na hapo moyo ukanidunda, kwa sababu nilijua kinachokuja na sikuwa nimemfundisha mtu yeyote. Watu wa huku husalimiana kwa mkono. Watamnyooshea wa kulia, naye mkono wa kulia hauna uhai. Ataona haya kutoa wa kushoto, lakini ataona haya zaidi kutosalimia, ataiachia fimbo. Nimeona wawili wakianguka hivyo, mmoja kanisani kabisa, katikati ya salamu za Kinyakyusa, "ugonile" na "ndaga".

Wa kwanza akafika, mkono umeshanyooka.

"Shikamoo babu," mjukuu akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Tunaomba babu akae kwanza, atawasalimia wote."

Mzee yule akaurudisha mkono. Akageuka akawaambia wenzake, nao wakasimama hivyohivyo, mstari mzima, kofia mikononi, wakingoja. Hatua kama kumi na tano zilikuwa zimebaki. Hakuna aliyesema kitu isipokuwa yule kijana na maneno yake matatu. Mwalimu akakifikia kiti, akageuka kwa hatua ndogondogo mpaka kiti kikamgusa nyuma ya miguu yote miwili, akainama mbele, akakaa. Akampa mjukuu fimbo. Kisha kwa mkono wa kushoto akauinua ule wa kulia kutoka pajani, akaushikilia chini ya kifundo, akaunyoosha kwa wa kwanza.